Shajara za wapelelezi, Morogoro

Shajara za wapelelezi ni kumbukumbu za safari za karne ya 19 zinazotumika kuchunguza makazi ya kabla ya ukoloni chini ya milima ya Uluguru, yakiwemo ya maeneo jirani na Mlali, kata ya Wilaya ya Mvomero. Wapelelezi Burton na Speke walipita Zungomero, kituo cha misafara, mwaka 1857. Mwaka 1871 mpelelezi Stanley alieleza Simbamwene, mji wa mtawala Kisabengo, wenye ukuta wa mawe na nyumba zipatazo 1,000. Mwaka 1872 aliukuta umeharibiwa na mafuriko. Maandishi hayo yaliangazia zaidi njia za misafara kuliko vijiji vya milimani, hivyo hulinganishwa na masimulizi ya koo za Waluguru, wanaofuata ukoo wa mama.