Dau la Pascal
Dau la Pascal ni hoja ya Blaise Pascal (1623–1662), mwanahisabati na mwanafalsafa Mkristo wa Ufaransa, inayotetea imani kwa kupima faida na hasara, si kwa kuthibitisha kuwa Mungu yupo. Ilichapishwa mwaka 1670, baada ya kifo chake, katika kitabu chake *Pensées*. Mungu akiwapo, mwamini hupata uzima usio na mwisho. Mungu asipokuwapo, mwamini hupoteza kidogo tu. Wapinzani husema imani haiji kwa kujiamuru. Pascal alilijua hilo, akashauri kuanza na matendo, yaani misa na maji ya baraka, ili moyo ufuate. Pingamizi zito zaidi, alilolitoa mwanafalsafa Denis Diderot katika karne ya 18, ni kwamba hesabu hiyohiyo yaweza kutetea dini nyingine. Hapo hoja hulegea kweli: huonyesha kwa nini swali la Mungu lisipuuzwe, lakini haionyeshi dini ipi ifuatwe.