Hilali Mbili za Goti

Ndani ya goti la mwanadamu, kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi, mna vipande viwili vya gegedu vilivyopinda kama mwezi mwandamo. Waganga huviita meniski, jina litokalo katika neno la Kiyunani lenye maana ya hilali. Historia yake ni historia ya kosa la wenye elimu.

Mwaka 1883, mjini Edinburgh, Thomas Annandale alilifungua goti la mchimba migodi, akaikuta hilali imechomoka, akairudisha mahali pake na kuishona. Mfano huo mwema haukufuatwa. Mwishoni mwa karne hiyo John Bland Sutton wa London alifundisha kuwa meniski ni masalio ya misuli yasiyo na kazi. Basi kwa miaka mingi zilizopasuka zilikatwa zikatupwa.

Majuto ni mjukuu. Mwaka 1948 T. J. Fairbank alitazama picha za eksirei za magoti yaliyoondolewa meniski. Aliona nafasi ya kiungo imefinyika, na mfupa wa paja umebapa. Uzito uliokuwa ukienezwa na hilali sasa uliiangukia mifupa. Naye Don King alikwisha kuonyesha kwa mbwa, mwaka 1936, kwamba mpasuko unaofika ukingoni huweza kupona. Na mwaka 1982 Arnoczky na Warren walibainisha sababu yake kwa binadamu: ukingo wa nje ndio wenye mishipa ya damu.

Elimu hii hupimwa hasa pale mpasuaji atengenezapo kano ya mbele ya goti iliyokatika, akakuta na hilali imepasuka. Mpasuko mfupi, uliotulia, wa upande wa nje huweza kuachwa. Mrefu wa ukingoni hushonwa. Uliochanika vibaya hupunguzwa, tena kwa uchache, kwani hilali ya ndani huisaidia kano mpya kulizuia goti lisiyumbe. Na matundu yanayotobolewa mifupani kwa ajili ya kano hutoa damu na uboho, hata mshono wa siku hiyo hushika vizuri kuliko ule ufanywao peke yake.

Aliyepunguzwa hutembea upesi. Aliyeshonwa huvumilia magongo, na pengine mshono hufumuka akapasuliwa tena. Lakini anayengoja hutunza goti la uzeeni. Ilichukua takriban miaka mia kwa waganga kuirudia sindano ya Annandale. Na magoti yaliyoharibika katika muda huo ndiyo gharama ya kukiita bure kitu ambacho kazi yake haijajulikana.