Kukagua si kuhakiki: Funzo la seva

VITENZI 'kagua' na 'hakiki' hutumiwa na waandishi wetu kana kwamba ni visawe. Mimi naonelea historia yetu inatulazimu tuvitofautishe.

Sisi wa Nakuru tunaijua bei ya rekodi mbovu. Januari 2008, matokeo ya urais yakiwa yamebishaniwa, ghasia zilizuka na uwanja wa maonyesho ya kilimo ukageuka kambi ya wakimbizi wa ndani. Tume ya Jaji Johann Kriegler, katika ripoti yake ya Septemba 2008, ilisema matokeo yalivurugika hivi kwamba haikuwezekana kujua nani alishinda. Ikapendekeza mfumo salama wa kujumlisha na kupeperusha matokeo.

Teknolojia ikaja, na mzozo ukahamia kwenye seva. Agosti 28, 2017, Mahakama ya Juu iliiagiza IEBC ifungue seva zake, zikiwemo kumbukumbu za walioziingia. Agizo halikutekelezwa kikamilifu. Septemba 1, majaji wanne dhidi ya wawili walibatilisha uchaguzi wa urais, na ukaidi huo ukawa miongoni mwa sababu.

Lakini jamani, seva hukumbuka nini hasa? Chukua Linux, inayoendesha seva nyingi duniani. Ina huduma ya ukaguzi, ila bila kanuni haitakwambia nani aligusa faili gani. Msimamizi ndiye huandika: linda faili ya watumiaji, nakili kila badiliko, lipe alama ya kulitafutia. Kisha lazima azipakie kanuni hizo. Zikibaki kwenye faili tu, ni sawa na mswada usiotiwa saini.

Hapo ndipo uhakiki unapoingia. Kwa amri 'auditctl -l' ataorodhesha kanuni zinazofanya kazi. Halafu aguse kwa makusudi faili inayolindwa, atafute tukio hilo kwenye kumbukumbu. Lisipoonekana, basi hana ukaguzi. Likionekana, azifunge kanuni zisibadilishwe hadi mashine iwashwe upya, na nakala za kumbukumbu zitumwe kwa seva nyingine, maana mwenye funguo zote aweza kufuta nyayo zake.

Kwa hivyo napendekeza: 'kukagua' kuwe kufuatilia yaliyotendeka, 'kuhakiki' kuwe kuthibitisha kwamba mkaguzi mwenyewe yuko macho. La pili hufanywa kabla ya kisa. Jaji anaweza kuagiza seva ifunguliwe. Hawezi kuiagiza ikumbuke ambacho haikuandika.