Pikipiki ya safari ndefu: angalia haya kabla hujalipa

Unataka kutoka Dar hadi Mbeya kwa pikipiki? Ni kama kilomita 830. Bodaboda ya cc 150 itakufikisha, ila ikikimbia kilomita 80 kwa saa inakuwa imebakiza nguvu kidogo sana. Ukitaka kulipita lori huna cha kuongeza, unabaki upande wa kulia muda mrefu. Hapo ndipo hatari ilipo.

Injini: Anzia cc 400. Royal Enfield Himalayan ya cc 411 inamtosha mtu mmoja na mizigo yake. Kama utapanda Kitonga na abiria, tafuta cc 650 au zaidi.

Tenki: Lita 15, kwa kilomita 25 kila lita, ni kilomita 375. Jaza Dar, Morogoro na Iringa.

Breki: Chukua yenye ABS. Inazuia tairi kujifunga ukishika breki ghafla, mfano mnyama akikatiza pale Mikumi.

Siti: Ikalie, hakikisha nyayo zote mbili zinagusa chini. Kioo cha mbele nacho muhimu, maana upepo wa kifuani unachosha.

Tairi: Zisizo na tyubu ni rahisi kuziba pancha barabarani.

Spea: Muulize fundi wako kama zinapatikana.

Mwisho, ijaribu barabara kuu. Ukiwa kwenye 80, vuta mafuta. Ikichelewa kuitikia, iache, hata kama bei ni nzuri.