Mvule: kwa nini mti huu ukikatwa haurudi kirahisi

Mvule ni mti wa asili wa Afrika, unaopatikana kuanzia Afrika Magharibi hadi Msumbiji. Waganda na Wasoga huuita muvule. Katika biashara ya mbao ya Kongo unaitwa kambala, na kwenye masoko ya nje unajulikana kwa jina la Nigeria, iroko. Jina lake la kisayansi ni Milicia excelsa, ingawa vitabu vya zamani viliandika Chlorophora excelsa. Mkimbizi aliyetoka Kivu na mwenyeji wa Jinja wanaweza kubishana juu ya mbao hii wakidhani ni miti miwili, kumbe ni mmoja.

Hapa Uganda mvule huota Busoga, Bunyoro, West Nile na kandokando ya Ziwa Victoria. Kwa watu wa Kampala, msitu mkubwa ulio karibu wenye mvule ni Mabira, kwenye barabara ya kwenda Jinja. Lakini mivule mingi haiko ndani ya msitu. Imesimama peke yake mashambani, kwa sababu wakulima waliposafisha ardhi waliiacha. Hiyo ndiyo rahisi kukatwa.

Jinsi ya kuutambua

Mvule ni wa ukoo mmoja na fenesi, mtini na mutuba, ule mti ambao Waganda hutengeneza nguo ya gome kutokana nao. Kama ndugu zake, ukiukwaruza gome hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Mti mkubwa hufika mita 30 hadi 50, na shina lake hupanda moja kwa moja bila matawi kwa urefu mkubwa. Majani hupukutika kwa kipindi fulani cha mwaka, kwa hiyo usidhani umekufa ukiuona mtupu.

Jani la mti mzima ni laini na ukingo wake hauna meno. Jani la mche ni tofauti kabisa: linakwaruza mkononi na ukingo wake una meno madogomadogo kama msumeno. Kwa sababu hiyo ni rahisi mche wa mvule kung'olewa kama magugu na mtu anayeujua vizuri mti mkubwa.

Dume na jike

Mivule ina jinsia. Mti dume hutoa maua yanayoning'inia kama kamba nyembamba, na mti jike hutoa maua mafupi manene. Upepo hubeba chavua kutoka kwa dume hadi kwa jike. Baadaye jike huzaa tunda la kijani, lenye umbo la tunda la mforsadi lakini refu zaidi, na ndani yake mbegu ndogo za milimita mbili hivi.

Matokeo yake ni mazito kuliko yanavyosikika. Kijiji kikibakiwa na madume peke yake, hakuna mbegu. Jike akibaki peke yake, mbali na dume yeyote, hali ni hiyo hiyo. Mkata mbao haulizi jinsia. Anatazama unene wa shina. Na kabla mti haujatoa maua, hakuna anayeweza kujua ni dume au jike.

Mbegu husafirishwa na wanyama, hasa popo wakubwa wa matunda wenye manyoya ya rangi ya majani makavu. Wanakula tunda usiku na kudondosha mbegu mbali na mti mama. Wakazi wa Kampala wanawajua popo hao: eneo la Bat Valley, karibu na Wandegeya, lilipata jina lake kwa makundi yao yaliyolala kwenye miti ya pale. Mwaka 1967 mtafiti Mutere alichapisha utafiti juu ya uzazi wa popo wa Kampala. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, hivyo kundi likipigwa mawe na kufukuzwa huchukua muda mrefu kurudi idadi yake. Waacheni juu mitini. Wakati huohuo, kwa ajili ya afya, usiwashike kwa mikono na usile tunda lililoumwa na popo.

Kwa nini miche hufa

Watu wengi waliojaribu kupanda shamba la mvule mtupu wamevunjika moyo. Anayesababisha ni mdudu mdogo sana aitwaye Phytolyma. Hutaga mayai kwenye vichipukizi na majani machanga. Mtoto wa mdudu akianza kufyonza, mmea huvimba na kumfunika kabisa, kwa hiyo dawa ya kunyunyiza haimfikii vizuri. Akikomaa uvimbe hupasuka, sehemu ile huoza, na ncha ya mche hufa. Mche huchipua tena, hushambuliwa tena, na mwishowe huwa kichaka badala ya mti.

Utafiti uliofanywa Ghana ulionyesha kwamba kuchanganya mivule na miti mingine hupunguza madhara. Ukiwa na kiwanja kidogo, panda mche mmoja au miwili kati ya miti ya matunda au kando ya mpaka, si safu nzima. Mvule pia huchipua kutoka kwenye mizizi na kisiki. Chipukizi la namna hiyo lina mizizi mikubwa tayari, na mara nyingi kulilinda dhidi ya mbuzi kuna faida kuliko kuanza na mbegu.

Kwa mafundi seremala

Mbao ikipasuliwa huwa ya njano, kisha hugeuka kahawia kwa mwanga. Kiini chake hakiliwi na mchwa kirahisi. Sehemu nyeupe ya nje haina sifa hiyo, kwa hiyo ukinunua Ndeeba tazama usiuziwe weupe kwa bei ya kiini. Ndani ya shina wakati mwingine kuna jiwe la chokaa ambalo mti wenyewe umelitengeneza. Huharibu msumeno na linaweza kumjeruhi fundi. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kuleta shida ya kupumua kwa baadhi ya watu. Funika pua na mdomo, na fanya kazi penye hewa.

Kabla ya kukata

Sheria ya misitu ya mwaka 2003 inasimamia ukataji. Ndani ya hifadhi kuu za misitu kibali hutolewa na Mamlaka ya Taifa ya Misitu (NFA). Nje ya hapo muone afisa misitu wa wilaya. Kwa wanaoishi makambini, kiwanja ulichopewa ni cha kutumia, hakikupi haki ya kuuza mti uliokikuta juu yake. Uliza kwanza ofisi ya OPM na mwenyekiti wa LC1, hata kama mnunuzi anakuambia amemaliza mambo yote.

Kwa mbegu na miche ya miti ya asili, NFA ina Kituo cha Taifa cha Mbegu za Miti huko Namanve, upande wa barabara ya Jinja. Ukikusanya mwenyewe, chukua matunda yaliyoiva chini ya mti jike, yaloweke na kuyaponda ndani ya maji, chuja mbegu, zikaushe kivulini na kuzipanda mapema, kwani zikikaa katika joto la kawaida hupoteza nguvu ya kuota.