Sauti na Kimya: Historia ya Kozi za Kifaransa za Kusikiliza Nyumbani

Miongoni mwa lugha za Ulaya ambazo watu wamejaribu kujifunza wenyewe nyumbani, Kifaransa ni mojawapo ya zile zinazofichua upesi upungufu wa kitabu, kwa kuwa maandishi yake yameachana mbali na matamshi yake. Msomaji wa Kiswahili huweza kutamka bila shida neno ambalo hajawahi kulisikia, ilhali msomaji wa Kifaransa hukabiliwa na herufi za mwisho zisizotamkwa, na irabu za puani, yaani irabu ambazo pumzi yake hupita kinywani na puani kwa wakati mmoja, na vilevile kile Wafaransa wakiitacho liaison, yaani kanuni inayoifanya konsonanti iliyo kimya mwishoni mwa neno isikike pale neno linalofuata linapoanza kwa irabu. Maneno il parle, «yeye anasema», na ils parlent, «wao wanasema», huandikwa kwa namna mbili na kutamkwa kwa namna moja. Aliyejifunza lugha hii kwa macho peke yake aliweza kusoma riwaya nzima ya Balzac na bado asiambulie kitu katika mazungumzo ya muuza mkate na mteja wake.

Jaribio kubwa la kuliondoa tatizo hilo kabla ya kuwapo kwa mashine za kunasa sauti lilifanywa Berlin mwaka 1856, wakati Charles Toussaint, mwalimu Mfaransa aliyeishi mjini humo, na Gustav Langenscheidt, Mjerumani kijana, walipoanza kutoa barua za mafunzo ya Kifaransa kwa watu wasioweza kumlipa mwalimu. Matini ya Kifaransa iliandikwa pamoja na alama za kuonyesha matamshi na tafsiri ya Kijerumani, ili msomaji aone kwa pamoja neno lilivyoandikwa, lilivyotamkwa na lilivyomaanisha. Langenscheidt alilazimika kuanzisha kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji ili barua hizo zitoke, na zikapata wanunuzi wengi. Miaka 30 baadaye, mwaka 1886, walimu wa lugha waliokusanywa na Paul Passy waliunda mjini Paris chama kilichokuja kuwa Chama cha Kimataifa cha Fonetiki, ambacho alfabeti yake ilitoa alama moja kwa kila sauti. Hata hivyo alama ya sauti, iwe sahihi kiasi gani, huwasaidia zaidi wale ambao sikio lao limekwisha kuijua sauti yenyewe.

Thomas Edison alipounda fonografu mwaka 1877, matumizi ya ufundishaji yalikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza aliyoyafikiria. Katika makala aliyoyachapisha mwaka 1878 alitaja kufundisha usemaji, kuhifadhi namna halisi ya kutamka lugha mbalimbali, na elimu kwa jumla, akiyaweka bega kwa bega na muziki. Wa kwanza kunufaika walikuwa walimu wa New York, akiwamo Rafael Diez de la Cortina, aliyeanza kutumia mashine hiyo kabla karne ya 19 haijaisha, lakini sura iliyo muhimu zaidi ya historia hii iliandikwa katika mji wa machimbo ya makaa ya mawe wa Scranton, Pennsylvania. Huko ndiko zilikokuwa Shule za Kimataifa za Mafunzo kwa Njia ya Posta, ambazo zilianza mwaka 1891 kwa kuwafundisha wachimbaji maarifa ya migodini. Mwanzoni mwa karne ya 20 shule hizo ziliongeza Kifaransa, Kijerumani na Kihispania, na pamoja na vitabu zikawapelekea wanafunzi fonografu ya Edison na silinda za nta zilizonaswa masomo.

Silinda ya nta ilikuwa na sifa moja ambayo wanahistoria wa elimu wamekuwa wakiipita haraka mno, nayo ni kwamba mwenye mashine aliweza pia kunasa sauti yake mwenyewe. Fonografu ya nyumbani ilikuja na kifaa cha kuchezea sauti na kifaa cha kuinasa, na nta iliyokwisha kutumika iliweza kukwanguliwa ikawa laini na kutumika tena. Kwa hiyo mwanafunzi alisikiliza somo, akalisoma au kujibu maswali kwa sauti mbele ya pembe ya mashine, akaifunga silinda hiyo katika kisanduku na kuituma Scranton kwa posta, ambako mwalimu aliisikiliza na kumrudishia masahihisho. Utaratibu huo ulikuwa wa polepole na nta ilivunjika kirahisi, lakini ulikuwa na pande zote mbili za ufundishaji: kinywa cha mwalimu kilimfikia mwanafunzi, na sikio la mwalimu nalo likafikiwa. Kozi nyingi zilizofuata kwa karne nzima zilikuwa na upande wa kwanza tu.

Sababu ya kupotea kwa upande wa pili ilikuwa ya kibiashara zaidi kuliko ya kielimu. Santuri, yaani sahani bapa ya gramafoni, ilikuwa rahisi kuchapwa kwa maelfu kuliko silinda, na kufikia miaka ya 1920 ilikuwa imeshinda sokoni, lakini gramafoni ya nyumbani haikuweza kunasa chochote. Kampuni iliyostawi katika hali hiyo ilikuwa Linguaphone ya London, iliyoanzishwa mwaka 1901 na Jacques Roston, mfasiri na mwalimu wa lugha mwenye asili ya Poland. Kozi zake zilikuja na kitabu cha picha na seti ya santuri za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo upande mmoja ulibeba dakika tatu au nne tu za sauti, na mwanafunzi alitakiwa kusikiliza kwanza, kisha kusikiliza huku akifuata maandishi, kisha kusema pamoja na msemaji. Kampuni hiyo ilichukulia kazi yake kwa uzito mkubwa na iliwatafuta wasomi wenyewe kuzungumza, hata J. R. R. Tolkien, profesa wa Oxford ambaye baadaye alipata umaarufu kwa riwaya zake, alisikika katika kozi yake ya Kiingereza karibu na mwaka 1930. Ubora huo wa sauti unastahili heshima. Pamoja na hayo, msemaji wa santuri hakumsubiri mtu, kwa kuwa dakika za upande mmoja zilikuwa chache mno kuachiwa nafasi tupu, na mwanafunzi aliyechelewa kidogo kuielewa sentensi alikuta ya pili imekwisha kupita.

Mabadiliko yaliletwa na Vita Kuu ya Pili na utepe wa sumaku. Jeshi la Marekani, lililohitaji kwa haraka watu wa kuzungumza na wenyeji wa nchi za mbali, lilianza mwaka 1943 mafunzo makali yaliyoongozwa na wanaisimu, ambayo yaliiweka sarufi nyuma ya mazoezi ya kusema. Baada ya vita desturi hiyo iliingia katika Taasisi ya Huduma za Nje, chuo cha wanadiplomasia wa Marekani kilichoanzishwa mwaka 1947, ambacho kozi yake ya msingi ya Kifaransa ilitoka mwaka 1960. Wakati huo kinasa sauti cha utepe kilikuwa kimeenea, na utepe, tofauti na santuri, ulikuwa na nafasi ya kutosha kuachia kimya. Zoezi la ruwaza, yaani zoezi la kuibadilisha sentensi moja mara nyingi kwa kuingiza neno jipya au kugeuza wakati wa kitenzi, likawekwa katika hatua nne: sauti ikatoa kichocheo, ikanyamaza ili mwanafunzi ajibu, ikatoa jibu sahihi, kisha ikanyamaza tena ili alirudie. Kimya hicho cha sekunde chache ndicho uvumbuzi mkubwa kuliko wote katika ufundi huu, kwa kuwa kwa mara ya kwanza mashine ilimwachia mtu zamu yake ya kusema. Mazoezi yenyewe yalikuwa marefu na makavu, na wengi walichoka kabla ya kufika mbali, lakini kwa kuwa kazi za serikali ya Marekani hazifungwi na hakimiliki nchini humo, kozi hiyo bado inasambazwa bure, sambamba na kozi ya Kiswahili iliyotungwa na taasisi hiyohiyo.

Nchini Ufaransa utepe ulitumika kwa swali tofauti, nalo ni kipi hasa kinachosemwa na watu wa kawaida. Kuanzia mwaka 1951 kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Georges Gougenheim kilinasa mazungumzo ya watu 275, yenye maneno zaidi ya 312,000, na kuhesabu kila neno lilivyojirudia, na matokeo yake yakawa orodha ya maneno karibu 1,500 iliyoitwa Kifaransa cha msingi. Watafiti hao waligundua jambo lisilotarajiwa: maneno ya vitu ambavyo kila mtu anavijua, kama uma wa mezani, karibu hayakusikika kabisa, kwa kuwa hutajwa pale tu mada inapoyahitaji, na ikabidi yatafutwe kwa kuwauliza watu wataje maneno ya mada fulani. Orodha hiyo iliathiri sana vitabu na kozi za baadaye. Ilikuwa pia orodha ya Wafaransa wa Ufaransa, na upungufu huo ni mkubwa kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki, kwa sababu kozi zilizofuata njia hiyo humfundisha kuhesabu sabini na tisini kwa maneno ya Paris, soixante-dix na quatre-vingt-dix, wakati jirani yake wa Bujumbura au Goma, kwa urithi wa Ubelgiji, husema septante na nonante. Mfanyabiashara wa Kigoma anayejifunza ili apatane bei na Wakongo ana haki ya kuzisikia sauti za Wakongo katika kozi anayoinunua.

Aliyekifanya kimya kuwa mfumo kamili ni Paul Pimsleur, Mmarekani aliyefundisha Kifaransa na fonetiki vyuoni. Katika makala ya mwaka 1967 alipendekeza ratiba ya kumbukumbu: neno jipya liulizwe tena baada ya sekunde 5, kisha 25, kisha dakika 2, kisha 10, kisha saa 1, na kuendelea hivyo kwa kuzidisha takriban mara tano hadi miezi na miaka, kwa hoja kwamba kumbukumbu huimarika zaidi inapoamshwa punde kabla ya kupotea. Kozi zake za nusu saa kila somo hazikumtaka mwanafunzi arudie tu, bali zilimtaka abashiri jibu kabla ya kulisikia, na maneno magumu yalijengwa silabi kwa silabi kuanzia mwisho, jambo linaloifaa sana lugha ambayo mkazo wake huangukia silabi ya mwisho. Kaseti ndogo iliyotolewa na Philips mwaka 1963, na baadaye Walkman ya mwaka 1979, ziliyapeleka masomo hayo barabarani na garini. Pimsleur mwenyewe alifariki mwaka 1976 akiwa Ufaransa.

Michel Thomas, Myahudi aliyezaliwa Łódź mwaka 1914, akapigana upande wa wapinzani wa Wanazi nchini Ufaransa na kufungua shule ya lugha huko Los Angeles mwaka 1947, alilitazama tatizo kwa upande mwingine. Katika kozi yake iliyotoka mwaka 2000 husikika mwalimu akiwafundisha wanafunzi wawili wasiojua Kifaransa, na makosa yao yakabakizwa katika rekodi, yakisahihishwa palepale, huku msikilizaji akiambiwa asimamishe sauti na kujibu kabla yao. Kwa njia hiyo anayesikiliza hupata sikio la mwalimu kwa kuazima, maana kosa alilolifanya yeye mara nyingi limefanywa na mmoja wa wale wawili. Daraja la kozi hiyo, hata hivyo, ni Kiingereza: mwalimu huanza na maelfu ya maneno yenye viishio vinavyofanana katika lugha hizo mbili, na aliyekulia katika Kiswahili hulazimika kwanza kuvuka Kiingereza ndipo akifikie Kifaransa, gharama ambayo kozi iliyotungwa kwa ajili yake isingemtoza.

Programu za simu za sasa hunasa sauti ya mwanafunzi na kuilinganisha na kielelezo, na nyingi huishia kumwambia kwamba amekosea bila kumweleza ulimi au midomo ilipaswa kukaaje. Kwa sababu hiyo wengi wanaojifunza peke yao huongeza utaratibu wao wenyewe juu ya kozi: hujinasa wakisoma somo, humtumia ujumbe wa sauti rafiki anayekijua Kifaransa, aliye Lubumbashi, Kigali au Marseille, na jioni huyasikiliza masahihisho yake.