Mkurugenzi wa Kompyuta Aliyeanzia Meza ya Chakula



Mabinti waliosomea kompyuta huulizwa swali hili posa inapokuja: "Ukishaolewa, kazi si utaacha?" Leo tutazame maisha ya Stephanie Shirley wa Uingereza. Hakuwa Muislamu, lakini swali hilo lilimkuta na yeye.

Alizaliwa Dortmund, Ujerumani, mwaka 1933. Akiwa na miaka mitano, yeye na dada yake walipandishwa treni ya watoto waliokimbizwa kutoka kwa utawala wa Hitler, wakalelewa na familia ya Kiingereza. Alipomaliza shule aliajiriwa katika kituo cha utafiti cha Posta, Dollis Hill, London. Mchana kazini, jioni darasani, miaka sita, hadi akapata shahada ya hisabati. Hapo ndipo alipojifunza kuandika programu za kompyuta.

Mwaka 1959 aliolewa na Derrick Shirley, mwanafizikia. Kazini aliona wazi kuwa mwanamke hapandi cheo zaidi ya kiwango fulani. Basi mwaka 1962 akafungua kampuni yake mwenyewe, mtaji pauni 6, ofisi meza ya chakula. Mwaka uliofuata akamzaa Giles.

Aliwaajiri wanawake wenye ujuzi walioacha kazi kwa sababu ya ndoa au uzazi. Kila mmoja alifanya kazi nyumbani kwake, kwa saa alizoziweza. Programu ziliandikwa kwa penseli kwenye karatasi, zikapelekwa kwa posta, na mazungumzo yakapita kwenye simu. Kazi yake yeye ilikuwa kutafuta wateja, kugawa kazi, kukagua na kuhakikisha ahadi inatimizwa. Huo ndio ukurugenzi wenyewe.

Barua zake kwa wateja hazikujibiwa mpaka mumewe aliposhauri asaini "Steve", jina la kiume. Milango ikafunguka. Wanawake hao ndio walioandika programu ya kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde. Kati ya wafanyakazi 300 wa mwanzo, wanaume walikuwa 3 tu!

Njia haikuwa lelemama. Giles alikuwa na usonji mkali, akafariki mwaka 1998. Mama yake alitoa sehemu kubwa ya utajiri wake kusaidia watu wenye usonji. Kabla ya hapo alikuwa amewagawia wafanyakazi hisa za kampuni, na 70 kati yao wakawa mamilionea. Yeye alifariki mwaka 2025.

Dada yangu, Shirley alisimulia kuwa zama zile hakuweza kufungua akaunti ya benki bila idhini ya mumewe. Sisi dini yetu ilishatupa haki hiyo karne nyingi nyuma: mali ya mke ni yake. Na Bibi Khadija, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa mfanyabiashara aliyewakabidhi watu bidhaa zake na kusimamia hesabu.

Kwa hiyo, bi harusi mtarajiwa, suala la kazi lizungumzwe kabla ya nikaha, mbele ya walii, kwa upole na uwazi: saa ngapi, wapi, watoto watalelewaje. Shirley hakuchagua kati ya nyumba na kazi. Aliipanga kazi iendane na nyumba, na mumewe alikuwa upande wake. Mume wa namna hiyo ni wa kumuomba Allah.

Allah awajaalie ndoa zenye sakina na riziki za halali. Aamin.